Ustahimilivu wa Mti na Deni la Mji

Katika maswali ya maadili liko moja litajwalo kwa nadra, kwa sababu anayehusika nalo zaidi hana ulimi wa kuliuliza. Swali lenyewe ni hili: mtu akimtwika mwenziwe mzigo usiokuwa wake, na mwenziwe akauchukua pasipo kulalamika, je, uvumilivu wa mchukuzi hupunguza kosa la mtwikaji? Wako wanaojibu kuwa hupunguza. Husema kwamba asiyelia hakuumia, na asiyekataa ameridhika. Wako wanaosema kuwa hauongezi wala haupunguzi. Na wako wachache wanaoona kwamba kosa huzidi, kwa kuwa kumdhulumu awezaye kupiga kelele ni dhuluma moja, na kumdhulumu asiyeweza ni dhuluma mbili. Hoja hizi zaweza kupimwa kwa kiumbe mmoja ambaye mkaaji wa mji hupita chini ya kivuli chake asubuhi na jioni bila ya kumwamkia. Kiumbe huyo ni mti uliopandwa kando ya barabara.

Binadamu akikerwa na moshi hufunga dirisha, na ukizidi huhama mtaa. Mbwa huondoka, na ndege huruka. Mti hauna mlango wa kutokea. Pale mkono wa mpanzi ulipoutia ndipo utakapoishi, na aghalabu ndipo utakapofia. Moshi wa magari huufikia mchana kutwa, vumbi la matairi na breki huulalia, na maji machafu ya barabara hunyweshwa mizizi yake. Wapitao huuona umesimama wima na majani yake mabichi, wakadhani kwamba haukuguswa na lolote. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapana mahali ambapo methali hii husadiki kuliko hapa, kwa maana mwenye mzigo hapa hawezi hata kuguna.

Si haki kuhukumu jambo kabla ya kulifahamu. Basi yafaa kazi ya mti ielezwe kwanza. Sumu ya hewa huufikia mti kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya nje. Masizi na chembe za vumbi, nyingi zikiwa ndogo mno kuliko unene wa unywele, hunaswa na nta, malaika na mikunjo iliyo juu ya majani na magome. Kunaswa huku si kuangamizwa. Upepo mkali hurudisha sehemu ya vumbi hewani, mvua huosha sehemu nyingine ikaingia udongoni, na iliyobaki huanguka pamoja na jani. Kwa njia hii mti ni mweka amana kuliko mteketezaji.

Njia ya pili ni ya ndani. Majani yana vitundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo mti huvifungua ili kupokea hewa ya kutengenezea chakula chake kwa nuru ya jua. Gesi zenye sumu hupita papo hapo. Mti hauwezi kula bila ya kuvifungua vitundu hivyo, wala hauwezi kuvifungua bila ya kuikaribisha sumu. Riziki na madhara hupita mlango mmoja.

Walakini mti si mzembe ndani ya nyumba yake. Gesi za nitrojeni zitokazo katika injini, zikiwa kwa kiasi, hubadilishwa hatua kwa hatua hata zikawa vijenzi vya protini. Adui hupewa kazi. Gesi ya salfa itokayo katika makaa ya mawe huwa kitu kikali mara inapoyeyuka katika unyevu wa jani. Mti huigeuza iwe chumvi iliyopungua ukali, ukatumia kidogo kwa mahitaji yake, na ziada ukaifungia katika vyumba vya ndani ya chembe zake za uhai. Ozoni, ambayo huunguza kama moto usio na mwali, hulakiwa na vitamini C, ile ile ambayo watu huijua katika ndimu na machungwa; vitamini hiyo hukaa katika kuta nyevu za chembe, ikajitoa kuunguzwa badala ya chembe zenyewe. Madini mazito yapandayo kutoka mizizini, mfano wa kadimi, hufungwa kwa vijinyuzi vya jamii ya protini vilivyoundwa kwa kazi hiyo hasa, kisha yakatengwa mahali ambapo madhara yake ni machache. Na jani lililochoka na mzigo wake hupukutishwa chini.

Hizi ni hila za ajabu, lakini hakuna hata moja ipatikanayo bure. Nguvu itumiwayo kuunda kinga ni nguvu iliyonyimwa shina, ua na tunda. Sumu ikizidi kipimo, aghalabu mti huvifunga vitundu vyake. Hapo hujiokoa na sumu lakini hujinyima chakula, kama mtu aliyekomea mlango kwa kuogopa mwizi akafa njaa ndani. Majani huingia madoa, hugeuka manjano, na huanguka kabla ya wakati wake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Baada ya kufahamu kazi yafaa kusikiliza ushahidi, na mji wa London una ushahidi wa kutosha. Mnamo mwaka 1661 John Evelyn alimpelekea Mfalme Charles II kijitabu kiitwacho Fumifugium, ambamo aliushitaki moshi wa makaa ya mawe uliokuwa ukiuharibu mji. Alitoa shauri la namna mbili: kazi zenye moshi mwingi zihamishwe mbali na watu, na mji uzungukwe na mimea yenye harufu nzuri. Shauri lake halikufuatwa. Makaa yaliendelea kuchomwa, na viwanda vilipozidi moshi ulizidi pamoja navyo.

Mimea ilitoa ushahidi wake kwa namna iliyoweza. Kule Paris, mwaka 1866, mtaalamu William Nylander alionyesha kwamba likeni, ule ukoga wa kijivu na manjano uotao juu ya magome ya miti, hutoweka katikati ya mji na huonekana pale hewa inapotakata. Katika bustani ya Kew, karibu na London, misonobari na jamaa zake iliteseka sana, maana majani yake hukaa mtini miaka kadhaa na hubeba masizi ya miaka yote hiyo. Mwaka 1925 ilibidi bustani nyingine ya miti ya namna hiyo ianzishwe Bedgebury, katika jimbo la Kent, palipokuwa na hewa safi zaidi. Miti iliyolalamika ilitafutiwa makao mengine.

Mti uliobaki mjini ni ule usiolalamika. Ni wa jamii ya mwaramoni, nao hujulikana kwa jina la mji wenyewe, London plane. Hufikiriwa kuwa ni mwana wa wazazi wawili, mmoja wa mashariki na mmoja wa Marekani. Hupukutisha majani yake yote kila mwaka, na gome lake hubanduka vipande vipande, hata shina likawa kama nguo yenye viraka. Huvumilia masizi, huvumilia udongo ulioshindiliwa, huvumilia kukatwa matawi. Ile iliyopandwa katika uwanja wa Berkeley mnamo mwaka 1789 imeishi hata zama hizi. Kwa sifa hizo ilitiwa katika mitaa na viwanja vingi vya London, na wakaaji wa mji waliweza kuutazama ubichi wake katika majira ya joto wakaamini kwamba mji wao si mbaya kama walivyoambiwa.

Basi ikafika tarehe 5 Desemba 1952. Hewa ilituama juu ya mji, moshi wa majiko na mitambo ukachanganyika na ukungu, na kwa muda wa siku tano mtu hakuweza kuona hatua chache mbele yake. Ng'ombe walioletwa katika maonyesho ya Smithfield walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Hesabu ya wakati ule ilitaja watu wapatao 4,000 waliokufa. Hesabu za wataalamu wa baadaye zimefikia 12,000. Nayo miaramoni ilikuwa wapi? Ilikuwa imesimama mahali pake, lakini ilikuwa mitupu, kwa kuwa Desemba ni mwezi wa baridi na majani yake yalikuwa yamekwisha kuanguka. Wakati ambapo makaa huchomwa zaidi ndio wakati ambapo mti huo hauna mikono. Mji ulikuwa umemtegemea mtumishi ambaye hakuweza kuwapo siku ya haja.

Sheria ya kuzuia moshi ilipitishwa mwaka 1956, miaka 295 baada ya kijitabu cha Evelyn. Sehemu zilitengwa ambamo moshi ulipigwa marufuku, na watu wakahimizwa kutumia kuni za namna nyingine zisizo na masizi. Miaka ilipopita na gesi ya salfa ikapungua, likeni zilianza kurejea juu ya magome ya London. Hazikurejea kwa kubembelezwa wala kwa kupandwa. Zilirejea kwa sababu aliyekuwa akizifukuza aliacha.

Habari hii ina funzo zito. Mji uliokuwa na ugonjwa ulikuwa na mashahidi wa namna mbili, mwenye kulia na mwenye kunyamaza. Mwenye kulia alikufa au alihamishwa. Mwenye kunyamaza alipandwa kwa wingi na kusifiwa. Hili si kosa la mwaramoni. Kustahimili ni tabia yake. Kosa ni la yule aliyeufanya ustahimilivu wa mwingine kuwa ruhusa yake mwenyewe. Mtawala awafukuzaye washauri wenye kusema kweli, akabaki na wale wenye kuinamisha kichwa, hufanya jambo hilo hilo, na mwisho wake haukosi kufanana.

Yafaa pia sifa za mti zipimwe kwa mizani, kwa maana sifa ikizidi kiasi huwa ni namna ya kutwika. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba miti na vichaka vya miji ya nchi ile huondoa hewani tani 711,000 za uchafu kila mwaka. Hesabu hii yastaajabisha, na wengi huishia hapo. Lakini wataalamu hao hao walieleza kwamba wema unaopatikana katika hewa ya mji kwa kazi hiyo, kwa wastani, ni pungufu ya asilimia moja. Zaidi ya hayo, katika barabara nyembamba iliyobanwa na majumba marefu, matawi yaliyosongamana yaweza kuuzuia moshi usipande juu. Na baadhi ya miti hutoa mivuke yake ya asili ambayo, ikikutana na moshi wa magari chini ya jua kali, husaidia kuumba ozoni. Kwa hiyo mti ni msaidizi mwema, lakini si mfuaji wa nguo za kila mtu. Mwenye kupanda miti kumi ili apate kuwasha moto mia hakufanya hesabu, alitafuta udhuru.

Yako mambo mengine mawili ambayo hutahadharisha akili isikate shauri kwa haraka. La kwanza lilichapishwa mwaka 2003. Wataalamu walipanda vipande vya miti ya jamii ya mlubna, vyote vya asili moja, vingine katika jiji la New York na vingine mashambani. Ilitazamiwa kwamba ile ya mjini ingedumaa. Kinyume chake, ilikua mara mbili ya ile ya mashambani. Sababu iliyopatikana ni kwamba ozoni huundwa hewani kadiri moshi wa mji unavyosafiri na kupigwa na jua, na katikati ya mji moshi mwingine mbichi huila ozoni hiyo ikapungua. Mashambani hakuna cha kuila, hukaa muda mrefu ikaunguza. Mji ulitoa sumu, na shamba likalipa. Mtu aliyetazama mti wa mjini peke yake angeapa kwamba mji hauna hatia. Kumbe dhuluma yaweza kuwa na miguu mirefu, ikampita jirani wa karibu ikamwangukia jirani wa mbali ambaye hajui hata jina la aliyemdhuru.

La pili lilichapishwa mwaka 2010. Thomas Karl na wenziwe walionyesha kwamba miti ipukutishayo majani hupokea mivuke fulani ya hewani kwa kasi iliyoweza kufika mara nne ya ile iliyodhaniwa zamani. Na mlubna ukijeruhiwa au ukipigwa na ozoni huamsha nguvu zake za ndani ukapokea mivuke hiyo zaidi. Habari hii ni nzuri kwa elimu na ni ya hatari kwa maadili. Mwenye moyo mwovu aweza kusema: ikiwa jeraha huongeza kazi, basi jeraha ni jema. Ndivyo walivyosema mabwana wa mashamba juu ya kiboko, na ndivyo wasemavyo hata leo wale wanaowapa watumishi wao kazi ya watu wawili kwa kuwa wameonekana kuiweza. Kuweza si kudaiwa. Nguvu ambayo mnyonge huitoa katika dhiki ni akiba ya kuokoa maisha yake, wala si mali iliyofunuliwa kwa ajili ya mwingine.

Hapa mpinzani atatoa hoja yake, nayo yastahili kusikizwa. Atasema kwamba mti hauna moyo wala maumivu, hivyo kuufananisha na mtu aliyedhulumiwa ni mchezo wa maneno. Na ikubaliwe, kwa ajili ya hoja, kwamba mti hauna maumivu. Je, ni nani akaaye chini ya mti huo mchana kutwa? Ni mama lishe mwenye sufuria zake, fundi wa baiskeli, mshona viatu, muuza kahawa, na mtoto aliyelazwa juu ya kanga wakati mama yake anapotafuta riziki. Wenye magari hupita na vioo vimefungwa, hawa hubaki. Vumbi lililoanguka kutoka majanini liko katika udongo ambao mtoto huyo huuchezea. Wao nao, kama mti, wana sababu ya kutohama, maana mahali pao pa sumu ndipo mahali pao pa chakula. Riziki na madhara yao pia hupita mlango mmoja. Ikiwa mti hauna maumivu, basi na uwe kioo tu. Lakini uso uonekanao katika kioo hicho ni uso wa mtu.

Mpinzani mwingine atasema kwamba mji hauwezi kuishi bila ya moto, na kuulaumu moshi ni kuulaumu mkate. Neno hili lina ukweli, lakini dharura ina mipaka yake, na mara nyingi kiitwacho dharura ni desturi iliyozeeka. Mfano ni risasi iliyotiwa katika petroli tangu miaka ya 1920. Kiswahili huyaita kwa jina moja madini haya na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, na pengine lugha iliona mbali. Madini hayo yalitoka na moshi, yakatua juu ya majani, magome na udongo wa kando ya barabara, yakaingia katika damu za watoto. Hayaozi wala hayageuki chakula; hakuna mti uliojua kuyafanya si kitu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba magari hayawezi kuyakosa. Hata hivyo nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Kenya na Tanzania zikiwamo, ziliiacha petroli hiyo ilipofika mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuzia magari, yaani Algeria, iliiacha mwaka 2021. Magari hayakusimama. Jambo lililoitwa haliwezekani lilikuwa halijatakwa.

Mwezi wa Novemba 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa Nairobi, miti mingi ilikatwa ili kuipisha. Mugumo mmoja mkubwa wa Westlands, uliokadiriwa kuwa na umri wa karne moja, ulinusurika kwa amri ya Rais baada ya watu kuutetea. Waliofanya hivyo walistahili shukrani. Lakini mwenye kufikiri hakosi kuona kwamba mti ulioponywa shoka haukuponywa moshi. Kuacha kuua ni mwanzo wa haki, na haki haikomei mwanzoni. Mti uliosamehewa kukatwa wadai bado udongo usioshindiliwa, maji ya mizizi, na hewa ambayo mji wenyewe ungekubali kuivuta.

Sasa swali la kwanza laweza kujibiwa. Ustahimilivu wa mchukuzi haupunguzi kosa la mtwikaji. Huliongeza, na sababu ni tatu. Kwanza, huyaficha madhara, ukamnyima mkosaji onyo ambalo lingemrudisha nyuma mapema. Pili, humtia mkosaji tamaa ya kuongeza mzigo, kwa kudhani kwamba asiyeanguka hajalemewa. Tatu, hulipwa kwa mali ya mchukuzi mwenyewe: kwa tunda ambalo halikuzaliwa, kwa tawi ambalo halikuota, kwa miaka iliyokatwa katika umri wake. Mtwikaji, kwa hivyo, hana deni moja. Ana deni la mzigo, deni la ukimya, na deni la kile ambacho kingekuwapo.

Deni hili halilipwi kwa kuuimbia mti sifa, wala kwa kupanda miti mingine ili iugawane mzigo ule ule. Miti na ipandwe, na ipandwe kwa wingi, kwa kivuli chake, kwa ndege wake, na kwa msaada wake mdogo ulio wa kweli. Lakini malipo huanza pale moshi unapoanzia, katika injini, katika jiko na katika bomba la kiwanda, ambako mkono wa mtu unafika na tawi la mti halifiki. Mji uliofanya hivyo utaujua mti wake kwa mara ya kwanza. Utauona ukifungua vitundu vyake asubuhi bila ya hofu, na chini yake mtoto wa mama lishe akivuta pumzi hiyo hiyo.